Kurudi Venezia mara ya pili: ulale wapi, uende mwezi gani, ulipie nini

Mgeni wa mara ya kwanza Venezia huwa na orodha inayojulikana: uwanja wa San Marco, daraja la Rialto, gondola, picha. Anayerudi ameshayaona hayo, na sasa anachokosa ni saa. Saa ambayo uwanja hauna msongamano, saa ambayo soko la samaki bado lina samaki, saa ambayo kanisa liko wazi na makundi ya watalii hayajafika. Ndiyo maana karibu kila uamuzi katika ulinganisho huu unarudi kwenye kitanda: umelala wapi, na asubuhi unaamka ukiwa umbali gani na mji. Bei zilizotajwa ni za 2025.

## Mji wa kale, Mestre, Lido au Padova

Mji wa kale umejengwa juu ya visiwa zaidi ya 100 katikati ya wangwa, na umeunganishwa na bara kwa njia ya reli iliyofunguliwa 1846 na barabara ya 1933 inayokwenda sambamba nayo. Kwenye tovuti za kukodi vyumba, hata hivyo, neno "Venezia" hubeba mengi. Linaweza kuwa mji wenyewe, linaweza kuwa Mestre iliyoko bara, na linaweza kuwa Lido, kisiwa chembamba kinachotenga wangwa na bahari ya Adriatiki. Manispaa ni moja, kwa hiyo tangazo halidanganyi, lakini maisha ya siku nne katika sehemu hizo hayafanani hata kidogo. Kuna pia wanaolala Padova, mji mwingine kabisa, kwa sababu ya bei na treni nyingi.

| | Mji wa kale | Mestre | Lido | Padova |
|---|---|---|---|---|
| Kufika San Marco | kwa miguu, dakika 10–30 | treni dakika 10–12, kisha miguu dakika 30–40 au boti | boti, kama dakika 15 | treni kama nusu saa, kisha kama Mestre |
| Nauli ya kuingia mjini, mtu mmoja | hakuna | chini ya euro 2 | euro 9.50, au pasi | kama euro 5 |
| Bei ya chumba | juu kuliko kwingine | chini | ya kati. Hupaa wakati wa tamasha la filamu | chini au ya kati |
| Ada ya kuingia mjini | husamehewa | husamehewa | husamehewa | hulipwa |
| Kero kuu | mizigo na madaraja | muda wa njiani | hoteli nyingi hufungwa majira ya baridi | umbali na treni ya usiku |

Watu wengi huchagua Mestre kwa kuangalia bei ya chumba peke yake. Nauli kweli ni ndogo: watu wawili, siku nne, kwenda na kurudi, hawafikishi euro 35. Hesabu inayosahaulika ni ya muda. Kutoka mlango wa hoteli ya Mestre hadi Rialto, ukijumlisha kungoja treni na kutembea kutoka stesheni ya Santa Lucia, ni karibu dakika 50. Mara mbili kwa siku, kwa siku nne, umekwishatumia saa 6 na nusu, nazo ni zile zile ulizorudi kuzitafuta, za alfajiri na za usiku. Tena huwezi kurudi chumbani mchana kupumzika wakati mji umefurika, na mchana ndio wakati wa kupumzika Venezia. Kwa anayerudi, tunaona usiku 3 ndani ya mji wa kale ni bora kuliko usiku 5 Mestre kwa gharama inayokaribiana.

Mestre ina sababu zake za haki. Familia yenye kigari cha mtoto, mtu mwenye magoti mabovu, mwenye ndege ya alfajiri, au anayetaka chakula cha halali bila kuhangaika atapumua zaidi huko. Mitaa ya jirani na stesheni ya Mestre ina jamii kubwa ya Wabangladeshi, na maduka na migahawa ya halali ni mingi kuliko mji wa kale. Ukichagua Mestre, lala umbali wa kutembea kutoka stesheni. Hoteli inayohitaji basi kwanza ndipo treni inakula faida yote. Na ukinunua tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Tiketi isiyogongwa huhesabiwa kama hakuna.

Lido ni chaguo la kiangazi. Ina magari, mabasi, fukwe na njia tambarare bila ngazi. Tatizo ni kwamba kila safari ya mjini ni boti, hivyo bila pasi utalia. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba tamasha la filamu hupandisha bei, na kuanzia Novemba sehemu kubwa ya hoteli hufungwa.

Padova inafaa kwa anayetaka miji miwili katika safari moja. Kanisa dogo la Scrovegni, lenye michoro ya Giotto ya mwanzoni mwa karne ya 14, peke yake linatosha kumfanya mtu alale huko usiku mmoja. Lazima uweke nafasi mapema, kwa kuwa watu huingizwa wachache wachache baada ya kukaa robo saa katika chumba cha kusawazisha hewa. Ila anayelala Padova na kwenda Venezia kutwa huingia kwenye ada ya kuingia mjini, jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wameshafika stesheni.

Ada hiyo ilianza 25 Aprili 2024. Mwaka 2025 ilitozwa siku 54 kati ya Aprili na Julai, nyingi zikiwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kwa wanaoingia kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 alasiri (matangazo huandika 8:30–16:00). Ni euro 5 ukilipa mapema na euro 10 ukibakiza siku zisizozidi tatu. Watoto chini ya miaka 14 hawalipi, na visiwa kama Murano, Burano na Lido havimo. Anayelala popote ndani ya manispaa, Mestre ikiwemo, husamehewa, lakini kusamehewa si kunyamaza: siku hizo unajisajili mtandaoni na kupewa msimbo wa kuonyesha mkaguzi. Anayelala Mestre bila msimbo huonekana kama mgeni wa kutwa. Kalenda ya siku hubadilika kila mwaka, kwa hiyo iangalie kabla ya kununua tiketi ya treni.

Sasa, ndani ya mji wa kale kwenyewe. Mitaa mikuu ni sita, na namba za nyumba hazifuati kichochoro bali mtaa mzima. Namba za Castello hupita 6000. Anwani yenye jina la mtaa na namba pekee haikufikishi popote. Mwombe mwenye nyumba jina la kichochoro na gati la boti lililo karibu, kisha muulize idadi ya madaraja kutoka gati hadi mlangoni. Kila daraja ni ngazi za kupanda na kushuka, na begi la kilo 23 kwenye madaraja matano linamaliza hamu ya safari kabla haijaanza.

Cannaregio ndiyo rahisi kwa mizigo. Kutoka Santa Lucia, ukishika njia ya Lista di Spagna, hukuti daraja lolote hadi Ponte delle Guglie. Kipande hicho cha mwanzo kina kelele na maduka ya vikumbusho. Vuka Guglie, uelekee kaskazini kwenye fondamenta (njia za kando ya mfereji) za Misericordia na Ormesini, ndipo penye wenyeji na penye usiku mzuri. Castello ya mashariki, kuzunguka Via Garibaldi, ni pana na tulivu: njia hiyo ilikuwa mfereji, ukafukiwa enzi ya utawala wa Napoleon, ndiyo sababu ya upana wake. Kutoka hapo hadi San Marco ni kutembea kama robo saa kando ya maji, na huna haja ya boti. Dorsoduro ni ya kupendeza upande wa Zattere, jua la jioni likiwa usoni, lakini epuka chumba kinachotazama Campo Santa Margherita kama unalala mapema, maana wanafunzi wa chuo hukaa pale hadi usiku wa manane. San Marco yenyewe hatuipendekezi kwa anayerudi. Ni ghali, na jioni inabaki hoteli na madirisha ya maduka.

Kutoka uwanja wa ndege wa Marco Polo, kitanda ndicho kinachoamua usafiri. Ukilala karibu na stesheni, basi la euro 10 hadi Piazzale Roma, kituo cha mabasi cha mji wa kale, ni dakika 20 na kidogo. Ukilala kaskazini ya Cannaregio au Castello, boti ya Alilaguna inayosimama Fondamente Nove ni ghali zaidi, kati ya euro 15 na 20, lakini inakushusha karibu na mlango baada ya dakika kama 40. Pasi za vaporetto, boti za abiria za mjini, hazitumiki kwenye Alilaguna. Teksi ya maji hupita euro 100, na ina maana tu mkiwa wanne au watano wenye mizigo.

## Mwezi gani: bamvua, ukungu na joto

Mtu aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki anaielewa Venezia haraka kuliko Mzungu wa bara, kwa sababu anajua bamvua na maji mafu. Tofauti ni kipimo. Mombasa au Unguja maji ya bamvua hupanda na kupwa zaidi ya mita 3. Adriatiki ya kaskazini haifiki hata mita 1 na nusu. Lakini Venezia imejengwa sentimita chache juu ya maji, hivyo kidogo kinatosha kuiloesha. Hatari huja mambo matatu yakikutana: bamvua, kanieneo ya hewa ikiwa chini, na upepo wa sirocco kutoka kusini-mashariki unaosukuma maji yote ya Adriatiki kwenye kona ya juu. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalifika sentimita 194 juu ya alama ya kipimo, na 12 Novemba 2019 yalifika 187.

Tangu 3 Oktoba 2020 hali imebadilika. Siku hiyo milango 78 ya mfumo wa MOSE, iliyolazwa chini ya bahari kwenye midomo mitatu ya wangwa, iliinuliwa kwa mara ya kwanza kuzuia maji halisi, na mji ulibaki mkavu. Hapa ndipo wageni wanaorudi hupata taarifa nusunusu. Wanasikia "mafuriko yamekwisha" na kuacha buti nyumbani. Milango huinuliwa utabiri unapofika karibu sentimita 110. Uwanja wa San Marco, ambao ni sehemu ya chini kabisa ya mji, huanza kulowa kwenye sentimita 80 na ushei. Kati ya vipimo hivyo viwili milango hubaki chini, mji uliobaki ni mkavu, na uwanja una maji ya kifundo cha mguu. Basilika yenyewe ina ukuta wa vioo kuizunguka tangu 2022, kwa hiyo ndani maji hayaingii kama zamani.

Kwa vitendo: usifute safari ya Novemba kwa hofu ya maji. Maji hukaa saa chache kisha hupwa. Angalia utabiri wa Centro Maree, kituo cha mji cha kupima maji, wa siku tatu zijazo, na asubuhi yenye sentimita 90 nenda Dorsoduro au Cannaregio, San Marco iache alasiri. Mifuko ya plastiki ya kuvalia miguuni inayouzwa barabarani hupasuka baada ya madaraja mawili. Buti za mpira za dukani ni bora, na hoteli nyingi huazima. Jua pia kwamba maji yakipanda, boti zinazopita chini ya madaraja ya mfereji wa Cannaregio hubadilishiwa njia, kwa kuwa hazipenyi.

Novemba au Januari? Novemba ina uhai. Maonyesho ya Biennale huwa bado wazi hadi karibu wiki ya tatu au ya nne (sanaa miaka ya shufwa, usanifu wa majengo miaka ya witiri), na tarehe 21 ni sikukuu ya Madonna della Salute, kumbukumbu ya tauni ya 1630–31. Daraja la muda hutandikwa juu ya Canal Grande, mfereji mkuu wa mji, wenyeji huvuka kwenda kuwasha mishumaa, na majumbani hupikwa castradina, nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi ikapikwa na kabeji. Mgeni wa mara ya kwanza angeona foleni. Anayerudi anaona mji ukijishughulikia wenyewe, na hilo ni adimu.

Januari, kuanzia tarehe 7 hadi kabla ya Carnevale, sherehe za vinyago, ndiyo nafuu na tupu kuliko zote. Baridi ni ya kweli, usiku hushuka hadi karibu 0, upepo wa bora kutoka kaskazini-mashariki hukata masikio, na ukungu unaweza kusimamisha baadhi ya boti. Jua huzama karibu saa 11 jioni. Kasoro yake kubwa ni kwamba migahawa mingi midogo hufunga kwa likizo, na ile uliyoipenda mara ya kwanza yaweza kuwa imefungwa wiki tatu. Andika barua pepe kuuliza kabla.

Machi ni ya wastani kwa kila kitu, nzuri kwa asiyetaka kubahatisha. Julai na Agosti zina joto la unyevu na mbu wa wangwani. Sababu moja tu ya kwenda Julai ni sikukuu ya Redentore, wikiendi ya Jumapili ya tatu, fataki za Jumamosi usiku zikitazamwa kutoka majini. Wikiendi za Mei na Juni ziache kabisa: bei za kilele, watu wa kilele, na ada juu yake.

## Pasi, tiketi moja moja au miguu

Tiketi moja ya vaporetto ni euro 9.50 kwa dakika 75. Pasi ya saa 24 ni euro 25, saa 48 ni 35, saa 72 ni 45, siku 7 ni 65. Gawanya mwenyewe: pasi ya siku moja hulipa ukipanda mara 3, ya siku tatu ukipanda mara 5, ya siku saba ukipanda mara 7. Aliyelala mji wa kale na anayeijua njia hupanda boti mara chache kuliko anavyodhani, kwa sababu kutoka stesheni hadi San Marco kwa miguu ni dakika 35 hivi, wakati laini 1 hutumia karibu 45.

Anayerudi afanye hivi: saa za pasi huhesabiwa tangu kugongwa mara ya kwanza, si tangu saa sita usiku. Nunua ya saa 24, igonge saa 8 mchana, panda laini 1 jua likielekea kuzama, tembea jioni, kisha kesho yake asubuhi nenda visiwani na urudi kabla ya saa 8. Siku mbili za boti kwa euro 25, siku nyingine zote kwa miguu. Wenye umri wa miaka 6 hadi 29 wana kadi ya Rolling Venice ya euro 6, ambayo hushusha pasi ya saa 72 hadi euro 27, jumla 33. Watoto chini ya miaka 6 hawalipi. Igonge pasi kila unapopanda, hata kama bado ina muda, na kumbuka begi moja tu ndilo la bure, jumla ya urefu, upana na kina isizidi sentimita 150.

Kuvuka Canal Grande hakuhitaji pasi. Kati ya daraja la Rialto na lile la Accademia hakuna daraja lingine, na hapo ndipo traghetto linapookoa miguu: gondola ya kuvushia, euro 2, watu wengi kwa pamoja. Kivuko cha San Tomà na, nje ya kipande hicho, cha Santa Sofia kinachoelekea sokoni Rialto, ndivyo vya kutegemea, lakini mchana tu. Gondola ya matembezi bei yake rasmi ni euro 90 kwa dakika 30, na 110 kwa dakika 35 baada ya saa 1 usiku, bei ya chombo kizima na si ya kila mtu.

## Visiwa vya kaskazini au pwani ya kusini

Mara ya kwanza wengi hupitishwa Murano, Burano na Torcello kwa nusu siku, dakika 40 kila kituo. Anayerudi achague upande mmoja na aupe muda.

Upande wa kaskazini, anzia Fondamente Nove kwa laini 12 ya mapema. Shuka Mazzorbo badala ya Burano: vuka daraja la mbao na unaingia Burano kwa nyuma, kabla ya makundi, nyumba zake za rangi zikiwa na nguo za kuanikwa na akina mama wakifagia. Kanisa la Torcello likifunguliwa katikati ya asubuhi, vuka kwa boti ya dakika kama 5. Santa Maria Assunta iliasisiwa 639, na mozaiki ya Siku ya Hukumu kwenye ukuta wake wa magharibi inahitaji nusu saa ya kukaa kimya. Torcello ilikuwa mji mkubwa kabla ya tope na malaria kuuhamisha. Leo wakazi wake ni wa kuhesabika. Rudi kabla ya saa 7 mchana. Kuanzia saa 9 foleni ya boti Burano huacha watu gatini.

Murano ina jambo linalotuhusu. Watengeneza vioo walihamishiwa huko 1291 kwa kuogopa tanuri zao kuunguza mji, na shanga zilizotoka Venezia na Murano zilifika Zanzibar kwa maboksi katika karne ya 19, misafara ikazibeba hadi Tabora na Ujiji kununulia chakula na pembe. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa mahali fulani ulilala njaa. Makumbusho ya kioo, katika jumba la Giustinian, yana shanga za aina hizo. Ukipita Murano, ingia humo, na uachane na maonyesho ya bure ya tanuri yanayoishia dukani. Ukinunua, tafuta alama ya Vetro Artistico Murano. Bangili ya euro 5 haikutengenezwa kisiwani.

Kusini ni siku nyingine kabisa, nasi tunaipendelea. Lido, gati la Santa Maria Elisabetta, panda basi la laini 11. Linakwenda hadi Alberoni, linaingia lenyewe kwenye kivuko, linavuka mdomo wa Malamocco ambako milango ya MOSE imelala chini ya maji, kisha linaendelea Pellestrina, kisiwa chembamba kiasi kwamba mahali pengine unaona maji pande zote mbili. Upande wa bahari kuna murazzi, kuta za mawe ya Istria zilizojengwa kati ya 1744 na 1782, zile zilizobomoka 1966. Mwisho wa kisiwa boti inakupeleka Chioggia, mji wa wavuvi wenye soko la samaki kila asubuhi isipokuwa Jumatatu. Njia nzima ni saa 1 na nusu bila kusimama. Ukichoka, kuna basi la kupitia bara hadi Piazzale Roma. Kinachoharibu siku hii ni kwenda Jumatatu, au kutoangalia boti ya kuunganisha: ukiikosa moja, unangoja muda mrefu mahali pasipo na kivuli.

## Ndani ya milango: Palazzo Ducale tena, au San Rocco

Tiketi ya Palazzo Ducale, jumba la watawala wa zamani wa Venezia, ni euro 30, au 25 ukinunua siku 30 kabla. Ni ile ile inayofungua makumbusho ya Correr na maktaba ya Marciana, ng'ambo ya uwanja, na wengi hawakuyatumia mara ya kwanza kwa uchovu. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, euro hizo zina maana kwa sababu moja kubwa: ramani ya dunia ya Fra Mauro, ya karibu 1450. Mtawa huyo wa kisiwa cha San Michele aliweka kusini juu, kwa hiyo Afrika ndiyo inayotawala sehemu ya juu, na bahari inaizunguka upande wa kusini miongo kadhaa kabla ya Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi 1498. Habari za Ethiopia alizipata kwa watawa waliotoka huko. Kwa msomaji wa Kiswahili hakuna kitu Venezia kinachostahili dakika nyingi zaidi.

Kama Correr umeshaiona, weka fedha San Rocco, jumba la chama cha kidini cha zamani, kama euro 10. Mchoraji Tintoretto alianza kazi humo 1564 na akaendelea zaidi ya miaka 20. Chukua kioo cha mkononi kinachotolewa, maana picha za dari hutazamwa ndani yake bila kuumia shingo. Hatua chache ni kanisa la Frari na mchoro wa Titian wa Kupalizwa kwa Maria, 1518. Asubuhi moja inatosha kwa yote mawili. Kanisa la San Zaccaria, lenye picha ya altareni ya Giovanni Bellini ya 1505, kuingia ni bure, lakini beba sarafu za taa: bila sarafu unatazama giza. Makumbusho ya Accademia hufungwa saa 8 mchana Jumatatu. Soko la samaki la Rialto halipo Jumapili wala Jumatatu, na siku nyingine liende kabla ya saa 4 asubuhi.

Kula ukisimama kwenye bacaro, baa ndogo ya vitafunio, ni nafuu kuliko kukaa, kwani ukikaa kuna coperto, malipo ya meza. Vitafunio vingi vina nyama ya nguruwe. Baccalà mantecato, samaki mkavu aliyepondwa na mafuta, na sarde in saor, dagaa wakubwa wenye vitunguu, siki na zabibu kavu, havina, ila uliza kama siki hiyo imechanganywa na mvinyo.

## Viza ya pili

Aliyewahi kupata viza ya Schengen ana nafuu ndogondogo ambazo hazitolewi bila kuombwa. Alama za vidole zilizochukuliwa ndani ya miezi 59 hutumika tena, hivyo taja namba ya viza ya zamani kwenye fomu. Aliyetumia viza tatu kwa uaminifu ndani ya miaka miwili iliyopita anaweza kupewa ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi. Aliyekuwa na hiyo, ya miaka miwili, kisha ya mitano. Ambatisha nakala za viza na mihuri ya kutoka, na kwenye fomu chagua kuingia mara nyingi, kwani ukiweka alama kwenye mara moja, mara moja ndiyo utakayopewa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima isipungue euro 30,000. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Kwa anayeomba Nairobi au Dar es Salaam kwa safari ya Novemba, kupata siku ya miadi ndiko kunakochukua muda, kwa hiyo Agosti isiishe hujaweka.